Sahani ya Mishono Mitatu: Siku Tano Stoke-on-Trent

Siku ya kwanza: London hadi Stoke

Nimeifunga sahani ya Bibi kwa kanga mbili, nikaiviringisha ndani ya blanketi la mtoto, nikaitia kwenye begi la mgongoni na kulivaa kifuani. Ndani ya treni kutoka Euston nimeipakata kwa saa moja na nusu. Jirani yangu wa kiti ameniuliza kama nimebeba keki ya harusi. Nikamwambia ni sahani, naipeleka kwao. Akacheka, akadhani natania.

Ni sahani ndefu ya umbo la yai, urefu wake dhiraa moja kasoro kidogo, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya jana. Ukingo wake una mashuke yaliyotokeza, unaweza kuyahesabu kwa kidole hata gizani. Kwetu Pemba, upande wa Wete, kila mtu nyumbani aliiita sahani ya mpunga. Ilitoka kabatini kwa pilau ya maulidi na ya harusi, basi. Na mgonjwa akizidiwa, mwalimu aliandikia humo kombe kwa zafarani, kwa kuwa weupe wake ulionyesha kila herufi, kisha maandishi yakaoshwa kwa maji ya marashi na mgonjwa akanywa. Mimi mwenyewe nimelinywea humo nikiwa na miaka sita.

Imepasuka. Ufa umeanzia ukingoni ukaikata theluthi nzima, na mgongoni ufa huo umeshonwa kwa waya wa shaba, mishono mitatu. Karibu na mishono ipo nembo iliyofifia: simba na farasi mwenye pembe wakishika ngao, maneno mawili ambayo lisomekalo ni "Ironstone" tu, na kando yake alama ndogo ya pembe nne iliyosimama kwa ncha kama kishada cha watoto, imejaa herufi. Mama alinikabidhi nilipokwenda kumzika Bibi. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ilitoka mikononi mwa nani.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Napika biriani na pilau za harusi za Waswahili London, watu mia mbili, mia tatu, na siku hizi tunapakua kwenye trei za foili zinazotupwa usiku uleule. Labda ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni.

Nimeshuka Stoke jioni, mvua nyembamba inanyesha. Mbele ya stesheni imesimama sanamu ya shaba ya Josiah Wedgwood, ameshika vasi mkononi na anaikagua kama mnunuzi anayetafuta kasoro. Mji wa kumsimamishia mfinyanzi sanamu mlangoni, badala ya jemadari, nimeupenda kabla sijauona.

Siku ya pili: Hanley

Stoke-on-Trent si mji mmoja. Ni miji sita iliyoungana mwaka 1910: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Eneo lote linaitwa Potteries, yaani kwa wafinyanzi, na viwanda vyake wenyewe wanaviita potbank. Sababu ya ufinyanzi kuota mizizi hapa ni makaa ya mawe. Udongo mweupe unatoka mbali, Devon, Dorset na Cornwall kule kusini. Lakini kuchoma vyombo kulikula makaa mengi kuliko udongo, ikawa rahisi kuusafirisha udongo uyafuate makaa.

Asubuhi yote nimekuwa katika jumba la makumbusho la Hanley, ghorofa ya vyombo. Nilikwenda kutafuta alama ya kishada. Nimesimama karibu saa nzima mbele ya kabati la sahani nyeupe za karne ya 18, nikasahau kilichonileta.

Kwetu wafinyanzi ni wanawake. Chungu kinafinyangwa kwa mkono, kinakaushwa kivulini, halafu vyungu vinarundikwa uwanjani na kuchomwa kwa kuni na makuti. Moto ule haufiki joto la kuyeyusha udongo, kwa hiyo matundu madogo yanabaki, na ndiyo maana mtungi unatoa jasho na maji yake yanakuwa baridi. Ukiupata udongo wa kuhimili, ukaupandishia moto hadi nyuzi 1200 na zaidi, chembe zake zinaanza kuyeyuka na kushikana, matundu yanaziba, na chombo hakinywi maji tena hata ukikikwangua. Hicho ndicho Waingereza wanachokiita chombo cha jiwe. Mimi nitasema udongo-jiwe.

John Dwight wa Fulham, London, alipata hati ya kuutengeneza mwaka 1672. Miaka ya 1690 ndugu wawili kutoka Uholanzi, John Philip na David Elers, walifanya kazi Bradwell Wood, karibu kabisa na hapa, wakatoa vyombo vyekundu vya chai visivyo na rangi wala mng'ao, vilivyochongwa kwa usafi wa sonara. Wenyeji wakatazama na kujifunza. Halafu wakagundua gumegume: ukilichoma na kulisaga linakuwa unga mweupe, na ukiuchanganya na udongo, chombo kinatoka cheupe.

Kilichonishika ni namna walivyokipa chombo hicho ngozi yake. Chumvi. Chumvi hii ya jikoni. Joko likishakolea, watu walipanda juu na kuitupa ndani kwa matundu. Chumvi ikageuka mvuke, mvuke ukavitandaa vyombo, ukaungana na silika iliyomo kwenye udongo, ikawa kioo chembamba kilichoganda juu ya chombo chenyewe. Inasimuliwa kwamba siku za kumwaga chumvi mji wa Burslem ulifunikwa na moshi hata watu wakigongana njiani.

Nimeinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha kabati. Ukitazama kwa mbali, sahani zile zinameta tu. Ukikaribia, unaona vishimo vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Na kwa kuwa ngozi ya chumvi ni nyembamba, nakshi haizami. Ukingo mmoja umesukwa kama ukili, unaona kabisa ukindu unavyopita juu na chini ya mwenzake. Mwingine umejaa punje za shayiri, moja moja, kila punje na mfuo wake katikati. Nakshi hizo hazikuchorwa. Zilichongwa kwenye kalibu mara moja, kisha udongo ukakandamizwa humo sahani baada ya sahani. Zilikuwa sahani za kupakulia mezani pa watu wa kawaida waliotaka kitu kizuri wasichoweza kukinunua kwa fedha halisi au kaure ya China. Nilihisi nawafahamu watu hao.

Mzee mmoja anayejitolea pale aliniona nimeganda. Amefanya kazi potbank zaidi ya miaka 40. Akaniita "duck", bata, na nilishtuka mpaka nikagundua hapa kila mtu ni bata, dereva wa basi, muuza mkate, daktari. Ni neno la mapenzi, kama sisi tunavyosema mwanangu kwa mtu tusiyemzaa. Nikafungua kanga.

Hakuitazama nembo kwanza. Aliigonga sahani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Sahani nzima inalia kama kengele. Yangu ilitoa sauti ya mlango wa mbao. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaigeuza, akaona mishono. Hapo alinyamaza kwa muda.

"Nani alifanya hii?"

Nikamwambia fundi wa kwetu, zamani sana, jina lake halijulikani.

Akanielekeza kwa ukucha. Kila mshono una matundu mawili, moja kila upande wa ufa. Matundu hayakutokea mbele, yameishia katikati ya unene wa sahani. Fundi aliyatoboa kwa keke, pole pole, na kama angezidisha mkono kidogo sahani ingekuwa vipande. Kisha waya ulikatwa mfupi kidogo kuliko nafasi yake, ukapashwa moto ili urefuke, ukapachikwa. Ulipopoa ulijivuta, na kwa kujivuta ukaubana ufa. Hakuna gundi. Mzee akasema hapa pia walikuwepo watu wa kazi hiyo, wakipita mitaani, na kwamba hakuna anayelipa fundi kwa sahani asiyoipenda.

Ndipo akachukua kioo cha kukuzia akasoma kile kishada. Kati ya mwaka 1842 na 1883, Mwingereza aliyesajili umbo jipya aliruhusiwa kuweka alama hiyo, na herufi za pembeni ni tarehe. Namba ya Kirumi ya nne juu maana yake ni chombo cha udongo. Herufi ya kulia, P, ni mwaka 1877. Ya chini, M, ni mwezi Juni. Siku imefutika. Akanionya: hiyo ni tarehe ya kusajili umbo, sahani yenyewe inaweza kuwa imetoka jokoni baadaye.

Jina la kiwanda limelika. Hakutaka kubahatisha, na nimemheshimu kwa hilo. Alichosema ni kwamba neno Ironstone, jiwe la chuma, lilianza na Charles James Mason aliyepata hati yake mwaka 1813. Jina lilikuwa la kumwambia mnunuzi kuwa chombo ni kigumu, na kwa kweli kilikuwa kigumu, ndugu wa karibu wa udongo-jiwe wa kale. Baadaye wengi walitengeneza vya kwao, Tunstall na Burslem na Hanley, na vyeupe vyenye nakshi ya kutokeza vilipakiwa melini kwa maelfu, hasa kwenda Marekani.

"Na haya mashuke," akasema, "ni ngano."

Nikamwambia kwetu ni mpunga. Akatazama tena, akatabasamu, akasema anaona inavyowezekana.

Usiku, chumbani, nimepiga hesabu. 1877 ni zama za Sayyid Barghash. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Meli za barua za kampuni ya British India zilianza kuja Unguja 1872, na mwaka huohuo kimbunga kikang'oa mikarafuu ya Unguja, karafuu ikahamia kwa wingi Pemba na fedha ikaifuata. Sahani yangu iliifuata fedha hiyo.

Siku ya tatu: Longton

Nimekula asubuhi kile wanachojivunia hapa kuliko vyombo vyao: chapati za maji za unga wa oti, zimechachuliwa kwa hamira, zinamiminwa kwenye bamba la moto na kukunjwa na jibini ndani. Zimetoka kwenye dirisha la kibanda zikiwa zinafuka. Nimekula tatu.

Longton ni stesheni moja tu kutoka Stoke. Nilikwenda makumbusho ya Gladstone, kiwanda kilichoachwa kilivyokuwa, uwanja wa mawe katikati na majoko ya chupa yamesimama kuuzunguka. Picha za majoko haya hazikuandai. Ni mnara wa matofali uliovimba tumbo na kubana shingo, na ndani yake, kama mimba, kuna joko lenyewe. Ganda la nje ni la kuvuta moshi na kuukinga moto na upepo. Zamani yalikuwepo zaidi ya 2000 katika miji hii sita. Yamebaki 47 na hakuna linalowashwa. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 iliyazima taratibu, gesi na umeme vikachukua kazi, na moto wa mwisho wa kumbukumbu uliwashwa hapa Longton mwaka 1978 ili ujuzi wake uandikwe kabla wazee hawajaondoka.

Niliingia ndani ya joko moja na kusimama katikati. Ukutani matofali yameyeyuka yakawa kioo cha kahawia. Vyombo havikuwekwa wazi motoni, vilipangwa ndani ya makasha ya udongo mgumu yaitwayo sagari, ili moshi na majivu visiviguse, na makasha yakapandanishwa hadi darini. Kila kasha, zito kama ndoo ya maji iliyojaa, lilibebwa na mwanamume kichwani akipanda ngazi. Na kwenye kioo cha maonyesho nimeiona kofia ya mbebaji. Ndani yake wameviringisha soksi ndefu ya mwanamke ikawa duara.

Ni kata. Kata hasa, ile ile anayoitengeneza mwanamke wa kwetu kwa kipande cha kanga kabla ya kujitwisha mtungi. Nimesimama pale nimejishika kichwa.

Kuna upande wa Longton usiopigwa picha sana. Unga wa gumegume uliowafanya weupe vyombo uliingia mapafuni mwa watu na kuyageuza mawe. Madini ya risasi kwenye glezi, ule uji unaogeuka kioo juu ya chombo, yaliwapooza mikono wachovyaji, wengi wao wanawake na wasichana. Moto uliangaliwa na mtu mmoja asiyelala siku mbili tatu, na joko likichelewa kupoa, watu waliingia kulipakua wakiwa wamejifunga vitambaa vyenye maji usoni. Sahani ya Bibi ilipita kwenye mikono hiyo. Nimeishika tangu utotoni bila kujua hilo, na leo nimeona uzito wake umebadilika.

Wakati wa kurudi nimeingia kwenye duka moja la vitu vya kale kujikinga na mvua. Mwenye duka akaomba kuiona. Akaigeuza mara moja, akasema pauni 5, kwa sababu imeshonwa, na kwamba ingekuwa nzima angenipa 60. Nimeifunga kanga zangu nikatoka mvuani.

Siku ya nne: kando ya mfereji hadi Middleport

Nimetembea kwa miguu kutoka Etruria, kwenye njia ya kando ya mfereji wa Trent na Mersey. Wedgwood alikata udongo wa kwanza wa mfereji huu mwaka 1766, mhandisi akiwa James Brindley, na ulikamilika 1777. Kabla yake vyombo vilibebwa na farasi kwenye njia za mashimo, na nusu vilifika vigae. Maji hayatikisi. Udongo ukaja kwa mashua, vyombo vikatoka kwa mashua hadi bandarini Liverpool vikiwa vimefukiwa kwenye majani makavu. Leo kuna mabata halisi tu, na mzee anavua samaki.

Kiwanda cha Middleport, Burslem, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1880 ukingoni mwa mfereji huo, na bado kinafanya kazi. Humo ndimo vinatoka vyombo vya Burleigh. Si udongo-jiwe, ni udongo laini zaidi, lakini nilitaka kuona jambo moja ambalo limebaki hapa: kuhamisha michoro kwa karatasi ya shashi. Mfinyanzi Josiah Spode, kule mjini Stoke, aliikamilisha kazi hii kwa rangi ya buluu mwaka 1784, na ndiyo iliyozaa zile sahani za buluu zilizojaa kwenye makabati ya dunia nzima, yakiwemo ya Lamu na Unguja.

Nilisimama karibu na mwanamke mmoja nikamtazama akimaliza bakuli moja la kupakulia. Rola ya shaba iliyochongwa inapakwa rangi nzito iliyochanganywa na mafuta, inapashwa moto, na inachapa mchoro kwenye shashi. Yeye anapokea shashi ikiwa bado mbichi, anakata kwa mkasi vipande anavyovijua kwa macho, anavilaza juu ya chombo ambacho kimeshachomwa mara moja na bado kina kiu. Rangi inakamata papo hapo. Ukikosea hakuna kusogeza. Kwenye mbavu za bakuli, ambapo karatasi bapa haitaki kukaa, anaipasua kidogo kwa ukucha na kuikutanisha tena, ua kwa ua, mpaka kiungo hukioni. Kisha anachukua brashi ngumu yenye sabuni laini na kusugua kwa nguvu zake zote. Nguvu hiyo ilinishangaza, bega zima linafanya kazi. Mwisho chombo kinatumbukizwa majini, karatasi inaoshwa, na rangi, kwa kuwa ina mafuta, inabaki. Ndipo kinachovywa glezi na kurudi motoni.

Alikuwa akiongea na mwenzake wakati wote, habari za mjukuu, mikono ikiendelea. Nikamkumbuka shangazi yangu anavyosuka mkeka.

Nilimwonyesha yangu wakati wa chai. Akaifuta mikono kwanza kwenye aproni. Akapitisha kidole gumba kwenye mashuke, akafika mahali ambapo shuke moja limelemaa, punje zake zimejikusanya. Miaka yote nilidhani limelika kwa kuoshwa. Akasema hapana: hapo mkandamizaji alitoa sahani kwenye kalibu mapema, udongo ukiwa mbichi bado, kisha akarekebisha kwa kidole. Akaweka kidole chake palepale. Kikaenea.

Nami nikaweka changu. Kikaenea pia.

Siku ya tano: Barlaston, na kurudi

Nilikuwa na nafasi ya mahali pamoja tu kabla ya treni, nikachagua Barlaston, kiwanda cha Wedgwood kilichohamia huko mwaka 1940. Nilitaka kuona jaspa, udongo-jiwe wake maarufu kuliko wote, ule wa buluu wenye picha nyeupe za kutokeza. Alifanya majaribio maelfu kabla ya kuupata katikati ya miaka ya 1770, na vipande vyake vya majaribio, vidogo kama vifungo, vimehifadhiwa kila kimoja na namba yake.

Lakini kilichonisimamisha ni kidonge kidogo, si kikubwa kuliko sarafu. Juu ya udongo mweupe kuna mtu mweusi amepiga goti, minyororo mikononi, ameinua viganja, na juu yake sentensi inayouliza: je, mimi si mtu, na ndugu? Wedgwood alikitoa mwaka 1787 kwa ajili ya kampeni ya kukomesha biashara ya watumwa. Watu walikivaa kwenye nguo, na wanawake walikivaa kama bangili na pini za nywele. Mwaka uliofuata alivipeleka vingine kwa Benjamin Franklin, Philadelphia.

Ilinibidi kukaa kwenye benchi, na begi langu kifuani.

Sahani hii haikununuliwa na watu wa kwetu. Bibi aliniambia mara moja tu, tukiwa tunachambua mchele, na hakurudia. Bibi yake alikuwa mjakazi katika nyumba ya wenye mashamba ya karafuu. Kazi yake ilikuwa vyombo. Siku moja ya shughuli sahani hii ilimponyoka kisimani, au ilikuwa imeshapasuka kwa maji ya moto, Bibi alisimulia namna zote mbili. Alipigwa. Sahani ikatupwa jaani. Usiku akaenda kuviokota vipande akavificha, na akakaa navyo miaka. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu 1873, lakini watu mashambani walibaki mali mpaka utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897. Fedha ya kwanza aliyoipata kwa kuchuma karafuu kama mtu huru, alimpelekea fundi ashone sahani.

"Angenunua nguo," nilimwambia Bibi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu.

"Alinunua nguo baadaye," akanijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Miaka 90 ilipita kati ya kidonge hiki na sahani yangu. Vyote vimetoka kwenye udongo uliochomwa ndani ya maili chache za mji mmoja. Kimoja kiliuliza swali kwa Waingereza. Kingine kilikwenda Pemba kikapakuliwa pilau katika nyumba ambamo swali hilo halikuwa limejibiwa, na aliyekiosha alikuwa ndiye mwenye goti chini. Sikuwa na hasira pale kwenye benchi, wala sikuwa na shukrani. Nilitoa sahani, nikaiweka mapajani, nikapitisha kidole kwenye mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mlinzi akapita, akatazama, akaniacha.

Kabla ya kupanda treni nimenunua bakuli moja kubwa la kupakulia, la udongo-jiwe, la leo, zito, rangi ya kijivu, la daraja la pili kwa sababu glezi imekusanyika upande mmoja. Jumamosi nina harusi ya watu 180 Barking. Meza ya bibi harusi haitapakuliwa kwenye foili.

Kutoka kwenye treni nimempigia Mama.

"Umeifikisha kwao?"

"Nimeifikisha."

"Wamesemaje?"

Nikamweleza habari za 1877, na kidole cha mkandamizaji, na yule mzee aliyesifu mishono. Hapo alinyamaza kidogo. Kisha nikamwambia kwamba kwao wale mashuke si mpunga, ni ngano.

"Ngano?" Nilimsikia akivuta pumzi upande wa pili. "Mpunga ule, mwanangu. Usiwaache wakakubadilishia."